Nakulipa Rangi, Sikulipi Kusugua

Wiki hii mahari ya ndugu yetu Rehema imepokelewa kule Kondoa, na wajomba walikula wakaondoka salama, lakini kinachoninyima usingizi ni kauli ya yule mzee mwenye Noah nyeupe, aliyesimama hapa gereji Kizota, Dodoma, akaniambia mbele ya vijana wangu: "Fundi, mimi nakulipa rangi, sikulipi kusugua."

Nilimjibu kwa adabu kwamba rangi hushika kilichoko chini yake. Akacheka. "Cha chini nani atakiona?" Akaondoka na gari lake, na tangu hapo kila ninapooga namjibu upya, kwa maneno makali zaidi.

Alhamisi gari limerudi. Mlango wa nyuma, uliopakwa kwingine kwa bei nafuu, umejaa vishimo vya duara tunavyoviita macho ya samaki, ambavyo hutokea pale silikoni, kama ile ya dawa ya kung'arishia dashibodi, inapobaki juu ya bodi na rangi mbichi ikaikimbia. Inaelekea aliyepaka alitangulia kupiga msasa kabla ya kufuta mafuta, akayasukumia ndani ya mikwaruzo. Chini, penye puti, ule ujazo wa kusawazishia mabonde ya bati, rangi imefanya malengelenge. Nilipolikwangua moja kwa ukucha nilikuta unyevu: puti ilisuguliwa kwa maji, nayo huyanywa kama sifongo. Kishawishi chake nakielewa, maana kwa vumbi la Dodoma na upepo wa msimu huu msasa mkavu ni adhabu. Hata hivyo puti husuguliwa kavu, kwa msasa namba 80, kisha 180, kisha 320 ulio laini zaidi, na maji husubiri praima, ile rangi ya chini inayotangulia.

Nilidhani ningefurahi. Mzee alisimama pembeni bila kunitazama, akauliza tu, "Itabidi kubandua yote?" Nikasema, "Yote, mzee wangu, mpaka bati," na yale majibu yangu ya bafuni sikuyakumbuka hata moja. Nilipomtajia bei ya kusugua aliomba nimpunguzie, eti rangi yenyewe bado mpya, nami nikajikuta nacheka naye.

Tatizo sasa ni kompresa, mashine ya upepo wa kupulizia rangi. Jana nilipopuliza upepo wake kwenye karatasi nyeupe yalibaki matone ya mafuta, na mafuta hayo yakipita kwenye bunduki ya rangi yataleta macho ya samaki hata juu ya bodi iliyofutwa vizuri. Pete za pistoni, zinazozuia mafuta yasipande kwenye upepo, sijui nitazipata wapi kabla ya Jumatatu.