Jumamosi ya Kuchambua Karafuu

Mama alipopooza upande wa kulia, mwaka 2014, nilikuwa nasomesha skuli moja mjini Wete, Pemba. Niliomba uhamisho, nikarudi kijijini kwetu, upande wa Konde, ili nimuuguze. Siku za kazi mke wa kaka yangu alikaa naye tangu asubuhi hadi nitoke skuli, lakini usiku wote, pamoja na Jumamosi na Jumapili nzima, ilikuwa zamu yangu. Aliyewahi kumuuguza mtu aliyepooza anaijua zamu hiyo: kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kumlisha uji kijiko kwa kijiko kwa kuwa hupaliwa upesi, kumpa vidonge vya presha kwa wakati wake, kumwogesha, kufua, kuanika, kisha kuanza tena. Kazi yenyewe sikuichukia. Niliyoichukia ilikuwa Jumamosi, kwa sababu siku hiyo kila mtu alionekana ana pa kwenda isipokuwa mimi.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa ya mwezi wa Septemba, mwaka uliofuata. Rafiki yangu niliyesoma naye tangu utoto alikuwa anaolewa Wete, na sare ya kanga nilikuwa nimeshainunua na kuishona pindo. Wifi yangu alikuwa ameniahidi kwamba angekaa na mama hadi magharibi. Alfajiri akanijia mlangoni na mwanawe begani, mtoto anawaka homa, hata kabla hajafungua kinywa nikajua kwamba siendi. Nilimwambia, "Hapana neno wifi, mshughulikie mtoto," nikairudisha kanga sandukuni, nikaenda kumwashia mama moto wa maji ya kuoga. Nilipokuwa nampangusa mgongo nililia, nikashukuru kwamba amenipa kisogo.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Kwetu Pemba mwaka mzima huhesabiwa kwa msimu huo, na imekuwa hivyo tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja kikaiacha ya kwetu imesimama. Madeni hulipwa karafuu zikiuzwa, nyumba huezekwa karafuu zikiuzwa, na hata harusi ile ya Wete ilisubiri karafuu. Mikarafuu yetu si mingi. Imo katika eka tatu ambazo babu yangu mzaa mama alipewa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na mama ameichuma tangu alipokuwa msichana, akiwa chini na ngoe anavuta matawi huku kaka zake wako juu. Mwaka aliopooza hakuigusa hata karafuu moja. Sisi watoto wake tulimwekea kitanda chumba cha ndani, mbali na vumbi na kelele za wachumaji, tukidhani tunamstarehesha.

Alasiri ile kaka yangu na vijana watatu wakarudi shamba na magunia mawili, wakayamwaga uani juu ya jamvi. Harufu ya karafuu mbichi haifanani na ya karafuu kavu. Ni kali zaidi, ina maji ndani yake, na huingia nyumbani kabla ya mtu aliyezibeba. Nilikuwa namlisha mama. Akafunga mdomo, akakataa kijiko, akaelekeza jicho mlangoni. "Nje," akasema. Maneno yake wakati ule yalikuwa machache na yalitoka kwa tabu, lakini neno hilo lilitoka zima. Nikamwambia kwamba nje kuna jua. Akasema tena, "Nje."

Tulimbeba mimi na kaka kwa mkeka wake, tukamkalisha barazani, mito miwili nyuma ya mgongo na mmoja ubavuni asije akaegama. Mimi nikakaa chini mbele yake na ungo mapajani, nikaanza kuchambua, kwa kuwa kazi ilikuwapo na mikono yangu haikuwa na shughuli nyingine. Kuchambua si kazi ngumu. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili, unakizungusha, karafuu zinaanguka upande huu na konyo linabaki mkononi ulitupe upande ule. Makonyo nayo hayapotei, maana hununuliwa yakakamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Lakini ni kazi ya mikono miwili, na mama alikuwa na mmoja.

Alinitazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono wa kushoto. Nikampa kishada. Akakiweka mapajani, akajaribu kukipukusa kwa vidole, kikateleza na kumwangukia miguuni. Nikamwokotea, kikateleza tena. Mara ya tatu nilitaka kumwambia aache, aniachie mimi, apumzike, kama tulivyozoea sote kumwambia tangu siku alipoanguka. Yeye akawa anautazama mkono wake wa kulia.

Mkono ule ulikuwa umejikunja ngumi. Ndivyo unavyofanya mkono uliopooza: vidole hujifunga vyenyewe na havifunguki kwa hiari ya mwenyewe. Kila asubuhi niliuloweka katika maji ya vuguvugu, nikafungua kidole kimoja kimoja, nikamkata kucha zisimchome kiganjani, nikampachika kitambaa kilichokunjwa ndani yake. Nilikuwa nimeuzoea kama kitu cha kufunguliwa tu. Mama akalichukua konyo la kile kishada kwa mkono wa kushoto, akalisukuma ndani ya ngumi ile, kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali pa kitambaa. Likashika. Akaanza kuzivunja karafuu, moja, moja, kisha mbili pamoja, nazo zikawa zinadondoka kwenye kawa nililomwekea, na kila moja nikiisikia inavyogonga ukili.

Sikusema kitu. Nilihofu kwamba nikisema lolote ataacha. Kilipokwisha kishada, nikachomoa konyo tupu na kumpachikia kingine, kisha nikarudi kwenye ungo wangu, na kwa kitambo kirefu hiyo ndiyo ikawa kazi yangu: kuchambua changu, kuinua macho, kumbadilishia chake. Jua likashuka nyuma ya minazi. Jirani mmoja akapita njiani, akatoa salamu, akamwona mama barazani, akarudi na mkeka wake akakaa nasi. Baadaye wakaja wengine wawili, na barazani pakawa kama misimu yote ya zamani. Walizungumza habari za bei, za mvua, na za mwari wa Wete. Waliokwenda wakaeleza jinsi alivyopambwa, nami nikasikiliza kwa raha, bila uchungu niliokuwa nao asubuhi. Nilijichunguza kama uchungu ule umejificha mahali, nisiuone. Nilikuwa nataka kukaa pale pale nilipo.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini. Sidhani ni kwa sababu mama alikuwa anapata nafuu, kwa kuwa mkono ule haukufunguka siku ile wala baadaye. Nadhani kwa mwaka mzima nilikuwa nimekaa kando ya mama nikimfanyia kazi, na alasiri ile nilikaa kando yake tukifanya kazi. Hata alinikemea: nilipotupa konyo lenye karafuu mbili zilizosalia alinionyesha kwa kidevu, nikaliokota, nikazitoa, kama nilipokuwa na miaka saba.

Kaka alipotoka msikitini baada ya magharibi, aliwasha taa ya barazani. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, nasi tunao tangu mwaka 2010, lakini mama hajaacha kuiita taa ile karabai. Kaka akaleta pishi, kipimo cha vibaba vinne, akaanza kumpimia kila mtu alichochambua ili amlipe ujira wake. Alipofika kwenye kawa la mama alipima kwa kibaba, vikawa vibaba vitatu na kidogo. Akachota konzi mbili kutoka kwenye rundo kubwa ili ajaze pishi. Mama akautia mkono wa kushoto juu ya kawa, akatikisa kichwa. "Changu," akasema. Kaka akazirudisha zile konzi, akamhesabia fedha za vibaba vitatu, sarafu kwa sarafu, na mama akazifuata kwa macho hadi ya mwisho.

Mikono yetu sote ilikuwa ya rangi ya kahawia, yenye mafuta, inawasha penye mikwaruzo. Nilimletea mama maji ya moto katika karai ili nimnawishe kabla ya kumwingiza ndani. Akanizuia. Alizikusanya sarafu zake kwenye pindo la kanga, akalishika pindo kwa meno, akalizungusha kwa mkono wa kushoto ili alifunge fundo. Likafunguka. Nikanyoosha mkono kumsaidia, akageuza uso pembeni na pindo mdomoni, akaanza upya. Niliweka karai chini, nikakaa kumngojea, na alipomaliza ilibidi niyapashe maji moto tena.