Kuongoza bodi ya kudhibiti udanganyifu wa matibabu: yaliyonifaa kwenye kiti cha mwenyekiti

Haya nawaandikia wanaoteuliwa kuongoza bodi za vyombo vya umma vinavyodhibiti udanganyifu wa matibabu. Mimi nilikalia kiti hicho upande wa bima ya afya ya umma. Kukamata wahalifu ni kazi ya wachunguzi. Mwenyekiti ana vitu viwili vya kulinda kwa nguvu zake zote: kipimo cha kweli cha hasara, na uhuru wa hao wachunguzi. Vyote viwili huharibika kimyakimya, ndani ya makabrasha ya kikao.

Menejimenti hupenda kuanza taarifa yake kwa fedha zilizorejeshwa. Nilikataa namba hiyo iwe kipimo kikuu. Mchunguzi anayepimwa kwa marejesho ataelekea kwenye zahanati ndogo, maana fomu isiyo na sahihi hukatwa siku hiyohiyo, na hospitali kubwa yenye mawakili itaahirishwa mwaka hadi mwaka. Badala yake tuliagiza zoezi la upimaji la kila mwaka: madai 400, yaani maombi ya malipo ambayo vituo huiletea bima, yanachotwa kwa nasibu kutoka yote yaliyokwisha kulipwa. Kama dai moja katika kumi lina kasoro, sampuli ya ukubwa huo hutoa jibu linaloweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 3 hivi, kwa uhakika wa asilimia 95. Ukitaka kujua hali ya kila tabaka peke yake, yaani wagonjwa wa nje, waliolazwa, upasuaji na usafishaji damu, ukaligawa fungu hilo mara nne, kila tabaka lenye madai 100 litabaki na pengo la asilimia 6 hivi juu na chini. Bodi iliyoambiwa hivyo mapema haitashangazwa na matokeo, na itajua kwa nini inaombwa fedha za sampuli kubwa zaidi.

Kila dai lifuatwe hadi mwisho wake: fomu, jalada la mgonjwa, rejesta ya maabara, leja ya dawa, kisha mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa aulizwe kwa swali lililo wazi: "Mara ya mwisho ulikwenda lini hospitali, na ulifanyiwa nini?" Ukimuuliza "Je, ulipigwa eksirei?" wengi watakubali kwa heshima tu. Kituo kisipewe taarifa ya wiki mbili; orodha ya majalada ifike na wakaguzi, asubuhi ileile, mkononi mwa mganga mfawidhi. Majalada yaliyotengenezwa baadaye hujulikana: mwandiko mmoja, wino mmoja, vipimo vya mwezi mzima vimeandikwa kwa mkao ule ule wa mkono.

Matokeo yagawanywe mafungu matatu: makosa ya ukarani, kumbukumbu zisizopatikana, na dalili za udanganyifu. Ukiyachanganya, hasara itaonekana kubwa kuliko ilivyo na vituo vitaubomoa ushahidi wako mbele ya hakimu. Uingereza, NHS Counter Fraud Authority, mamlaka ya kupambana na udanganyifu iliyoanza kazi tarehe 1 Novemba 2017 kwa ajili ya huduma ya afya ya taifa nchini England, huchapisha makadirio ya fedha zilizo hatarini. Ya mwaka wa fedha 2020/21 yalikaribia pauni bilioni 1.2. Ninaheshimu ujasiri huo wa kutoa namba hadharani. Kwetu pia namba itapanda mwaka wa kwanza wa upimaji mzuri, kwa sababu sasa inaonekana, na hapo waziri atauliza kulikoni. Jibu hilo ni la mwenyekiti, wala asimwachie mkurugenzi mkuu.

Fedha ikishatoka kuirudisha ni shida, kwa hiyo nguvu nyingi tuliziweka kabla ya malipo. Chukua usafishaji damu kwa wenye figo zilizoshindwa. Mgonjwa wa kawaida husafishwa mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Kituo chenye mashine 5, kikifanya zamu 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kinaweza kufanya mizunguko 90 ya usafishaji kwa wiki. Kikiongeza zamu ya nne, 120. Dai la mizunguko 140 kwa wiki halilipiki mpaka lielezwe. Hapo mkaguzi haanzi na mahojiano; anaomba ankara za vichujio na mirija ya damu, kisha anatazama maji, maana kwa mwendo wa kawaida wa mililita 500 za maji ya kusafishia kwa dakika mzunguko mmoja hupitisha lita 120. Vichujio vilivyonunuliwa vikiwa 300 kwa mwezi na madai ni 560, swali limekwisha kujiuliza lenyewe. Lakini angalia kwanza kama kituo hutumia kichujio zaidi ya mara moja, na kama kilikuwa na akiba ya mwezi uliopita.

Kwa madaktari hesabu ni nyepesi zaidi. Wagonjwa 160 kwa siku moja, dakika 10 kila mmoja, ni zaidi ya saa 26. Hata hivyo mara nyingi sababu ni kwamba jina na namba ya usajili ya daktari mmoja vinatumiwa na matabibu wote wa kituo. Hilo nalo ni kosa, ila ni kosa la aina nyingine na lina mlango wake.

Utambulisho wa mgonjwa pia unahitaji macho mawili. Kenya, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, ilitumia namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mwanachama, na mwaka 2025 ikaelekea kwenye alama za vidole. Namba ya siri inaweza kutajwa kwa simu na mtu aliye nyumbani. Alama za vidole nazo hufutika kwa wakulima na wazee, kwa hiyo njia mbadala iwepo, na matumizi ya njia hiyo mbadala yahesabiwe kwa kila kituo.

Kuhusu uhuru wa wachunguzi, kanuni zilikuwa chache na ngumu. Makabrasha ya bodi hayataji jina la kituo wala mtuhumiwa wakati uchunguzi unaendelea. Yanataja namba ya shauri, thamani yake, muda ambao limekuwa wazi na hatua iliyofikiwa. Mjumbe mwenye hisa katika hospitali au duka la dawa anatoka chumbani, na muhtasari unaandika saa aliyotoka na saa aliyorudi. Simu yoyote kutoka kwa mkubwa kuhusu shauri lililo wazi inaandikwa kwenye daftari analotunza katibu wa bodi, zikiwemo zinazonipigia mimi. Simu hupungua sana watu wakijua daftari lipo. Mtoa taarifa naye analindwa, Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na kila mjumbe aisome kabla hajauliza "nani katuambia?"

Malipo yazuiwe kwa madai yenye shaka tu. Ukifunga malipo yote ya kituo, dawa zitakwisha wodini na atakayeumia ni mgonjwa asiyehusika. Tulitoa siku 14 za kujibu kwa maandishi. Shauri likikamilika lina milango mitatu: marejesho, baraza la taaluma, na jinai kupitia TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, au polisi. Milango hiyo ifunguliwe kwa pamoja pale ushahidi unaporuhusu, lakini nyaraka halisi zitangulie kwenye jinai, zikiwa na orodha iliyosainiwa na wakaguzi wawili na mwakilishi wa kituo.

Miezi 3 baada ya kanuni mpya kuwekwa, pima tena, na upime huduma iliyo jirani nayo, maana udanganyifu ukibanwa hapa unaweza kuhamia pale. Tulipobana siku za kulazwa, vipimo vya wagonjwa wa nje ndivyo vilivyopaswa kutazamwa kwanza, kituo kwa kituo, kwa kulinganisha na miezi 3 ileile ya mwaka uliotangulia.