Mzigo Alioutunza Karpo

Neno la wiki: 2 Timotheo 4:9–13, 21

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mstari wa 13 wengi wetu huwa tunaupita mbio. Tunasimama pale juu kwenye vita vizuri, mwendo uliomalizika na taji ya haki, na tukifika kwenye salamu na mizigo tunafunga Biblia. Lakini hebu mtazameni Paulo. Yuko kifungoni, anajua siku zake zimekwisha, Dema amemwacha, Luka peke yake ndiye aliyebaki naye. Anachoagiza ni joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Karpo huyu hatajwi mahali pengine popote katika Biblia. Jina lake limeingia katika Neno la Mungu kwa sababu alitunza mzigo wa mtu.

Nina sababu ya kukaa kwenye mstari huu, na naomba mnivumilie niiseme, kwa kuwa ni toba.

Mama yangu alilala miaka sita iliyopita, nyumbani kwetu Machame. Msiba ulipomalizika tukaanza kugawana vitu vyake kama ilivyo desturi: vitenge kwa mashangazi, sufuria kubwa kwa wifi, blanketi kwa mzee aliyekuwa akimkatia majani ya ng'ombe. Chini ya kitanda kulikuwa na tranka lake la bati. Ndani, kauntabuku saba, majalada yamelegea, nyingine zimefungwa kwa kamba za migomba, na katikati yake risiti za chama cha msingi ambazo upande wa nyuma alikuwa ameandika pia. Mama aliishia darasa la nne. Alikuwa katibu wa umoja wa wanawake usharikani kwa miaka mingi, na kuandika kwa mkono ule wa kulalia kulia ilikuwa kazi yake ya usiku, sisi tukiwa tumelala.

Nilifunua moja. Nikaona kilo za kahawa, nani ameazima jembe, mvua imeanza lini, nani ameombewa. Nikasema moyoni, hesabu za nyumbani. Wifi yangu akaniuliza, "Dada, hata hivi?" Nikamjibu, "Hata hivyo." Tukazipeleka nyuma ya banda la ng'ombe, tukaziweka juu ya majani makavu ya migomba, tukawasha. Kauntabuku haishiki moto upesi, wapendwa. Inaungua pembeni kwanza, halafu kurasa zinafunguka zenyewe moja moja kwa joto, kama kuna mtu anasoma. Nilisimama pale nikaziona zikifunguka. Sikunyoosha mkono.

Miaka miwili baadaye, binti yangu akiwa chuoni Arusha, alikuja likizo na habari za mwandishi waliyekuwa wakimsoma, Bessie Head. Jina nililijua, maisha yake sikuyajua. Alizaliwa tarehe 6 Julai 1937 Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambamo mama yake, Mzungu, alikuwa amewekwa. Baba yake alikuwa mtu mweusi ambaye yeye hakupata kumjua. Akalelewa na watu baki, kisha akapelekwa kwenye kituo cha watoto cha misheni, na ni huko alikoambiwa kwamba yule aliyemwita mama siku zote hakuwa mama yake. Mwaka 1964 akaondoka na mtoto wake mdogo wa kiume kwenda kufundisha Serowe, kijiji kikubwa katika nchi ambayo sasa ni Botswana. Kibali alichopewa kilikuwa cha kutoka tu, kurudi hapana. Kazi ya ualimu haikudumu. Alikaa miaka 15 bila uraia, mpaka 1979.

Na hapo kijijini, katika umaskini huo, aliandika. Alilima bustani ya ushirika pamoja na wanawake wenzake, akapika jamu ya vile vitunda vya manjano vinavyofunikwa na ganda jembamba kama karatasi, ambavyo hata huku mlimani watoto huvichuma wakitoka shule. Aliugua akili mpaka akalazwa, akapona, akarudi kwenye meza yake. Aliwatembelea wazee wa Serowe, wafinyanzi, waezekaji, akawauliza maisha yao na kuyaandika kwa maneno yao wenyewe, watu ambao hakuna aliyekuwa amewauliza kitu. Na jambo lililonikata maini: barua alizopokea alizitunza, na barua alizoandika yeye alizipiga kwa taipureta akiweka karatasi ya kaboni, ili nakala ibaki. Mwanamke asiye na nchi aliamini kwamba maneno yake yanastahili kubaki. Alifariki tarehe 17 Aprili 1986, ana miaka 48. Karatasi zake ziko palepale Serowe, katika makumbusho ya Khama III, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuzisoma kijijini.

Hakuwa mtu wa kanisa, nalisema wazi. Sijamleta hapa tumwige imani. Nimemleta kwa sababu nilipomsikiliza binti yangu nilisikia Zaburi ya 56, ile ya Daudi alipokuwa mkimbizi mikononi mwa Wafilisti huko Gathi: "Umehesabu kutanga-tanga kwangu, uyatie machozi yangu katika chupa yako, je! hayamo katika kitabu chako?" Mungu wa Daudi anaandika kumbukumbu. Anahesabu safari za mtu ambaye serikali yake imemkataa. Sasa mimi, ninayemwabudu Mungu huyo kila Jumapili, nilikuwa nimechukua kumbukumbu za mjane aliyemtumikia, nikaona hazifai hata kuwashia jiko, nikazichomea nyuma ya banda.

Usiku ule nililia sana. Binti yangu hakunifariji haraka, na nashukuru, kwa sababu kuna kilio ambacho mtu lazima akimalize mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza mama zetu wa jumuiya, mmoja mmoja, kama wana daftari. Mtashangaa. Karibu kila nyumba inayo: sala, mahari ya binti, mahubiri ya mwaka fulani, wimbo wa Kichagga ambao kwaya imeshausahau. Wanaona haya. "Ni upuuzi wangu tu, mwanangu," wananiambia, huku mkono umelishika kwa nguvu. Wazee wa kanisa wametupa rafu moja katika ofisi ya usharika kwa ajili ya yale ambayo wenyewe wameridhia kuyaweka. Anayebaki nalo nyumbani, namwomba asiliweke sakafuni, maana mchwa wa huku mnawajua, wala juu ya dari ya jikoni kwenye moshi. Lifungwe kwa kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki. Plastiki hutoa jasho, na wino wa kalamu unavuja. Na kama mama yuko hai, keti naye akusomee kwa sauti yake mwenyewe. Mengine ameandika kwa kifupi ambacho yeye tu ndiye anayekijua.

Msamaha nimeupata kwa Bwana, hilo silitilii shaka. Lakini kauntabuku saba hazijarudi.

Karatasi moja ilipona. Ilikuwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo, amealamishia wimbo wa jioni, nami niliikuta Kwaresima hii nilipokichukua nikaimbie. Ni risiti ya kahawa. Nyuma yake ameandika, bila mwaka: "Jumapili. Baridi kali, mtoto amekohoa usiku kucha. Mbuzi amezaa wawili. Mchungaji amesoma Paulo anaomba joho lake lililoko kwa Karpo, aletewe kabla ya wakati wa baridi."

Mtoto huyo wa kukohoa nadhani ni mimi. Kisha amepiga mstari kwa rula, na chini yake, kwa wino wa rangi nyingine, kama mtu aliyerudi siku nyingine akiwa bado anawaza, ameongeza: "Lilifika?"