Jinsi ninavyopima chakula cha pakiti, kwa ulimi na kwa mfuko

Nimechoka kuambiwa kwamba chakula cha pakiti chote ni kile kile. Wapo wanaobeba pakiti yoyote ya bei ya chini wanayoikuta dukani, na wapo wasiotaka hata kuigusa kwa sababu kuna mtu aliwaambia tambi zile zimepakwa nta. Mimi niko Ng'ong'ona, hapa Dodoma, tangu nikiwa mwanafunzi wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, na hadi leo nimepanga huku huku. Kazini natoka usiku. Tambi za pakiti, mlenda mkavu na maharage ya kopo vimenilaza nimeshiba kuliko mgahawa wowote wa mjini, na sasa najua kipi kina thamani na kipi kinakula hela ya mtu bure. Najivunia hilo.

Nianze na hiyo nta, maana inanikera. Hakuna nta. Tambi hizi zilianzishwa na Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958, na siri yake ilikuwa mafuta. Tambi inapikwa kwa mvuke, halafu inatumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Maji yaliyomo ndani yanatoka kwa kasi na kuacha vitundu vidogo vidogo. Ukimimina maji yaliyochemka, yanapenya kwenye vitundu hivyo na tambi inalainika ndani ya dakika chache. Ule utando unaoelea juu ya maji ni mafuta yale yale ya kukaangia.

Kwa hiyo cha kuogopa ni mafuta kuchacha, na jua la Dodoma mnalijua. Pakiti ikining'inizwa mbele ya duka kutwa nzima, mafuta yake yanaanza kuharibika kabla tarehe iliyoandikwa haijafika. Mimi huwa nasema wazi: "Kaka, naomba ya kwenye boksi, hiyo ya nje iache." Wapo wauzaji wanaokunja uso, lakini wanatoa. Nikifika nyumbani nafungua na kunusa kwanza. Ikitoa harufu ya karanga zilizokaa sana, siipiki.

Sasa mbinu yenyewe ya kuonja, ambayo watu wa nyumba ninayokaa bado wanaizungumzia. Kinachowadanganya walaji ni kile kipakiti cha viungo. Tambi inaweza kuwa mbovu kabisa, ukamwaga unga ule wa chumvi na pilipili, mtu akalamba bakuli. Ukitaka kuijua tambi, ipike peke yake, kwa maji matupu.

Basi nikanunua za aina nne, zote za ladha ya kuku, kuanzia ile ya bei ya kutupa hadi ile ambayo kijana wa bodaboda wa chumba cha mwisho huapa kwamba hatakula nyingine. Nikabandika karatasi chini ya kila bakuli, nikaficha maganda yote, nikamwita yeye pamoja na mama mwenye nyumba. Mama ni Mgogo wa Mvumi, na mlenda wake hauna mpinzani mtaa mzima. Ulimi wa namna hiyo ndio niliokuwa nautaka.

Kabla hawajaonja niliwaonyesha maji. Bakuli moja maji yake yalibaki karibu kama yalivyokuwa. La pili na la tatu yalikuwa na ukungu kidogo. La nne yalikuwa meupe, mazito, na vipande vya tambi vimezama chini. Maji yakiwa meupe hivyo, ujue unga umeachana na tambi na umebaki na uji. Mama alichukua uma, akainua uzi mmoja kutoka bakuli la nne, ukakatika hewani. Akainua mwingine, ukakatika. "Mwanangu, hii inakatika hata mdomoni haijafika." Ule wa bakuli la kwanza alipouinua, ulining'inia, ukavutika, ukarudi. Kijana wa bodaboda naye alitafuna kimya kimya, akalisogeza bakuli la nne pembeni, akasema hiyo wape watoto. Nikageuza bakuli kuwaonyesha karatasi. Ilikuwa ni ile ile anayoiapia. Iliyoshinda ilikuwa ya bei ya katikati, ambayo hakuna aliyekuwa anaitaja.

Nikaendelea. Nikapika upya, safari hii kila moja na viungo vyake vyote. Kura ikageuka papo hapo, kijana akarudi kwenye tambi yake mbovu huku akisema sasa ndiyo yenyewe. Mama alionja mchuzi kwa kijiko, akanyamaza kidogo, akasema, "Hii ina chumvi ya kuficha." Sijasikia hukumu bora kuliko hiyo. Nilichukua ganda nikamsomea: sodiamu yake ilikuwa juu kuliko ya nyingine zote. Na hesabu yake ni nyepesi. Chukua miligramu za sodiamu zilizoandikwa, zidisha kwa mbili na nusu, unapata chumvi. Miligramu 1,000 za sodiamu ni gramu mbili na nusu za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, kwa hiyo bakuli moja la namna hiyo limeshakula nusu ya siku yako. Juu ya hapo sisi wa Dodoma tunapikia maji ya visima vya Makutupora, ambayo yenyewe yana ladha ya chumvi. Ndiyo maana mimi natia nusu tu ya kipakiti, na ladha inakuja bila upungufu wowote. Nimewapa wageni kutoka Dar, hakuna aliyeomba nyingine.

Kitu kingine ambacho maelekezo ya pakiti hayasemi: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Ukiloweka tambi kwenye kikombe kwa dakika tatu walizoandika, katikati inabaki ngumu, kisha unailaumu tambi. Funika kwa sahani, ongeza dakika moja au mbili, ndipo uhukumu.

Upande wa hela, achana na bei ya pakiti, tazama bei ya gramu mia. Pakiti ya kawaida ya gramu 70 ni kama buku hivi, inapanda na kushuka. Ile ya kikombe inaweza kukugharimu mara mbili au zaidi na tambi ya ndani ikawa ile ile, umenunua kikombe. Ukinunua boksi zima maduka ya jumla ya Majengo unaokoa hela ya maana, mradi ulikague kama lilihifadhiwa kivulini. Nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe, hayo sina haja ya kuyarudia.

Lakini bei ya gramu mia nayo haitoshi, maana gramu 70 za tambi hazikufikishi mbali. Saa mbili baadaye tumbo linadai tena, na ukinunua pakiti ya pili unafuu wote umekwisha. Mimi navunjia yai humo humo maji yakichemka, au natia konzi ya karanga zilizopondwa. Gramu 30 za karanga zina protini zaidi kidogo ya yai moja, na kwetu huku karanga hazijawa za kutafuta. Bakuli hilo linanifikisha asubuhi, na bado ni chini ya sahani ya wali maharage mjini.

Mlenda mkavu wa pakiti ndio unaopuuzwa kupita kiasi, na kwangu ndio wenye thamani kuliko vyote. Chukua kidogo, koroga kwenye glasi ya maji, uache utulie. Mchanga ukikaa chini, muuzaji huyo usimrudie. Halafu chovya vidole viwili uviachanishe taratibu: mlenda mzuri unavutika uzi mrefu. Rangi nayo inasema. Wa kijani ulianikwa kivulini, wa kahawia ulichomwa na jua na vitamini A imepungua sana. Pakiti moja ndogo inakupeleka milo mingi.

Maharage ya kopo nayapima kwa kuchuja. Kopo la gramu 400 ukimwaga maji yake unabaki na maharage kama gramu 240, ambayo ni sawa na gramu 100 hivi za maharage makavu. Piga hesabu hiyo sokoni Sabasaba uone unachotozwa. Hata hivyo siyatupi kabisa, kwa sababu maharage makavu yanataka saa mbili za mkaa au gesi, na hiyo nayo ni hela. Gesi ikikaribia kwisha katikati ya mwezi, kopo linafaa. Siku nyingine zote nachemsha sufuria kubwa Jumapili, na kwenye maharage hayo ndipo ninapomalizia zile nusu za vipakiti vya viungo ninazozihifadhi kwenye chupa yenye mfuniko unaobana, zisivute unyevu.