Kiingereza cha wahandisi kianzie maabara
Nimepewa kazi ya kupanga upya somo la Kiingereza kwa wanafunzi wa uhandisi ujenzi, mwaka wa kwanza. Kabla ya kuandika chochote niliomba kukaa kwenye maabara ya zege. Jamani, nimejifunza! Kijana anajaza zege kwenye koni ya kupimia zege bichi, yenye kimo cha milimita 300, kwa matabaka matatu, kila tabaka analishindilia kwa chuma mara 25, anainua koni, anapima zege limeshuka kiasi gani, huku akiwaeleza wenzake kwa Kiswahili bila kusita. Akiambiwa aandike ripoti, ambayo lazima iwe ya Kiingereza, sentensi ya kwanza tu inamtoa jasho.

Ujuzi anao. Anachohitaji ni kuandika utaratibu wa jaribio, kueleza grafu kwa maneno, na kumwandikia mkandarasi kwa heshima kwamba zege lililopimwa siku 28 baada ya kumwagwa halijafikia nguvu iliyotakiwa. Hayo nimeyaweka mbele. Insha za likizo nimezitoa zote. Sarufi ipo, ila inafuata ripoti.

Wahandisi mlioko saiti, ni nini hasa mnaandika kwa Kiingereza kila siku? Niandikieni hapa, nahitaji mifano halisi.