Puli ya Kinu cha Subukia

Puli ya kinu hicho cha kusaga mahindi, yaani gurudumu la mikanda, ilikuwa ya kasti (chuma cha kumimina), ya mikanda mitatu ya aina ya B, imekaa kwenye shafti ya milimita 40. Nyuma yake kulikuwa na beringi namba 6308 iliyokwisha kabisa, na beringi haitoki kabla puli haijatoka. Ilikuwa Desemba 2014, mahindi yamejaa ghalani, na mama mwenye kinu alikuwa amekileta kwa pikapu kutoka Subukia hadi Nakuru, kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba ya Mzee, fundi mstaafu wa reli niliyekuwa nikimsaidia. Fundi mwingine alikuwa ameshajaribu kuitoa kwa nyundo.

Alama zake zilionekana wazi. Ncha ya shafti ilikuwa imepondwa ikatanuka. Mzee akaipapasa kwa kidole gumba, akaguna: "Huyu alikuwa anaifungia ndani." Shafti ikigongwa kwenye ncha bila kipande cha shaba au mbao ngumu katikati, chuma hutambaa kwenda pembeni na ukingo unakuwa mnene kuliko tundu la puli. Ukileta pula, kifaa cha kuvuta puli kutoka kwenye shafti, katika hali hiyo unalazimisha puli ipande kabari. Kwa hiyo tulianza na tupa bapa, tukizunguka ukingo pole pole mpaka kipimo cha vernia kikasoma chini ya milimita 40, kisha tukasafisha tundu la katikati ya ncha kwa drili ili skrubu ya pula ipate mahali pa kukaa.

Kwenye kitovu cha puli, sehemu nene ya katikati inayokumbatia shafti, kulikuwa na tundu moja la skrubu isiyo na kichwa, M10, ile inayofunguliwa kwa alenki, spana ya pembe sita, ya milimita 5. Skrubu ilikuwa imeshatoka. Mama alikuja nayo imefungwa kwenye leso. Mzee hakuridhika. Aliingiza msumari kwenye tundu, akaubana kwa kucha pale ulipofika, akaupima. Milimita 7. Unene wa kitovu pale ni kama milimita 20, na kii ya milimita 12 kwa 8, kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja, hutokeza juu ya shafti kwa milimita 3 na kidogo, kwa hiyo msumari ulipaswa kuzama karibu 17 kabla ya kugusa kii.

"Mama, kuna nyingine chini yake," akasema.

"Mzee, mimi nilipewa hiyo moja tu."

Ilikuwepo, imefukiwa na unga na grisi iliyokauka ikawa kama lami. Skrubu ya chini ndiyo inayoibana kii. Ya juu inaizuia isilegee kwa mtetemo. Ni ufundi mzuri, ila asiyeujua atavuta puli siku nzima bure, na akitumia pula yenye nguvu atapasua kitovu. Nilichokoa uchafu kwa waya uliochongwa, nikatia mafuta, kisha alenki ikagongwa kidogo kwa nyundo ikae hadi mwisho kabla ya kuzungushwa. Hapo haraka haifai. Alenki ikikaa nusu, inakula pembe za skrubu, na baada ya hapo ni kutoboa kwa drili.

Skrubu zote mbili zikiwa mezani, puli bado haikusogea. Sasa tulikuwa na kutu peke yake.

Tuliinua kinu tukakilaza ubavu juu ya tairi kuukuu ili ncha ya shafti itazame juu. Mafuta hayapandi kwenda kokote kwa kuombwa. Yanahitaji kusimama juu ya mwanya na kushuka yenyewe. Mama alikanda unga wake wa mahindi na maji, tukajenga ukuta mdogo kuizunguka shafti juu ya kitovu, tukamimina humo mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Vitu hivi viwili havikai pamoja, kwa hiyo chupa hutikiswa kila unapomimina. Asetoni hupenya kisha huruka, mafuta hubaki. Kila tulipopita tulikigonga kitovu pande zote kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya kuamsha kutu. Tukaiacha usiku kucha.

Asubuhi tukafuta mafuta yote na unga wote, chupa ya asetoni ikapelekwa mbali, maana mvuke wake hushika moto upesi sana. Pula ya miguu mitatu ilishika kitovu, si ukingo. Ukingo wa kasti ukivutwa huvunjika kipande. Skrubu ya pula ilipakwa grisi na goroli moja ikawekwa kati yake na shafti. Tukakaza mpaka spana ikawa ngumu, tukaishia hapo. Gunia zito likafunikwa juu, na mama akaombwa asisimame mbele yake, kwa sababu mguu wa pula ukiteleza huruka.

Moto ulitoka kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye tochi. Mwali wa oksijeni na asetilini ungefika upesi zaidi, lakini unachoma mahali pamoja, na kasti ikipata joto upande mmoja hupasuka. Mwali ulizunguka kitovu bila kusimama. Shafti kati ya puli na beringi ilizungushiwa kitambaa kilichoroweshwa. Beringi ilikuwa ya kutupwa, ndiyo, lakini sili ya mpira iliyo jirani ilikuwa nzima na mpira huo hauvumilii joto kali. Kitambaa kilisaidia pia kuibakiza shafti baridi, na tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe: kitovu kikipanda nyuzi 160, tundu la milimita 40 hufunguka karibu 0.07, kiasi cha unywele. Kipimo chetu kilikuwa waya wa kulehemu wa bati na risasi. Ukigusisha kitovu na ukayeyuka, umevuka nyuzi 183, zima moto.

Waya uliyeyuka. Mzee akapiga kichwa cha skrubu ya pula pigo moja zito. Pah! Puli ikaruka milimita tano hivi, na iliyobaki ikafuata spana bila ubishi. Hatukuimwagia maji; ilipoa yenyewe kwenye mchanga mkavu.

Ndani kulikuwa na unga mwekundu wa kutu. Kii ilikuwa imelegea kwenye mfereji wake, puli ikawa inachezacheza kidogo sana kwa kila mzunguko, chuma kikasagana, na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Maji hayakuhusika sana. Ndiyo maana kusafisha kwa msasa namba 120 na kumalizia na 400 hakukutosha. Kii mpya ya 12 kwa 8 ilisawazishwa kwa tupa mpaka ikaingia kwa kugongwa kwa mpini wa nyundo. Shafti ikapakwa grisi nyembamba.

Beringi mpya iliingia kwa dakika chache. Puli ikarudi, skrubu zote mbili zikarudi, na Mzee akaandika kwa rangi nyeupe kando ya tundu: SKRUBU 2. Kisha akavuta uzi kutoka puli ya mota hadi ya kinu, kuona kama nyuso zao zimelingana, kabla ya mikanda kurudishwa.