Mawese yalivyonionyesha njia ya mafua nyumbani kwangu

Tuko watu saba, vyumba viwili, Mwanga hapa Kigoma. Kiangazi cha mwaka jana akianza mmoja mafua, wiki haiishi nyumba nzima tunapiga chafya kama tumenusa ugoro. Jirani akaniambia, "Baba Zawadi, piga dawa kila kinachoguswa."

Nikanunua Jik, elfu kumi na ushee hivi ilikwenda. Vitasa, rimoti, viti, hadi mpini wa jembe. Vipimo nilikadiria kwa macho. Kochi likaota mabaka meupe, na mimi nikakohoa kuliko wagonjwa. Mafua yakaendelea na safari yake. Kochi sasa limefunikwa kitenge, wageni wanasifia.

Shemeji yangu ni muuguzi, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hata korona, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilishaeleza mwaka 2021 kwamba ukigusa mahali penye kirusi, uwezekano wa kuugua kwa ujumla haufiki 1 kwa 10,000. Kinachotuangusha zaidi ni hewa tunayopumuliana. "Ila mikono msiache. Kunawa kunapunguza magonjwa ya njia ya hewa kwa asilimia 16 hadi 21." Nikajitapa: kwangu hakuna anayekula bila kunawa.

Ubishi wangu ndio ulinifanya nimpake kitindamimba mawese viganjani, nikamwacha acheze nione mikono inafika wapi. Nusu saa tu! Wekundu puani, kwenye kope, kikombe cha bibi yake, shati langu, shavu la mtoto wa jirani. Nikamwambia anawe. Akachovya mikono kwenye beseni la kunawia kabla ya chakula kama kawaida yetu, akaitoa bado inateleza. Dada yake akafuata humohumo, akatoka naye na mawese ambayo hakupakwa! Kumbe miaka yote tunagawana makamasi kwa beseni, tena kabla ya ugali.

Beseni likahamia kwenye kufua. Nikatundika kibuyu chirizi cha dumu la lita tano, kinachochuruzisha maji mikononi, na sabuni ya mawese ndani ya soksi, maana sabuni ya wazi watoto huiangusha mchangani. Wanasugua huku wakihesabu mpaka ishirini, wadogo wanaruka kumi na nne.

Lo, na dirisha la watoto! Nilikuwa nimeliziba kwa gunia sababu ya vumbi. Nikaling'oa, nikaweka wavu.

Mwaka huu mafua yamekuja, yamelaza watatu kati ya saba. Ni maji au ni dirisha, siapi. Jik iliyobaki iko chooni.